Mkono wa Mgambo Mfukoni

Juzi nilikuwa Keko nikichagua meza, mgambo akamkamata teja mmoja, mtumiaji wa dawa za kulevya, nyuma ya karakana ya seremala. Alimkunja shati, akawa anataka kumpekua mfukoni.

"Usitie mkono, afande!" Aliyepaza sauti ni mama mmoja, muuguzi anayejitolea kuwatembelea mateja wa pale.

"Wewe mwanamke, unanifundisha kazi?"

"Nakulinda. Muulize kwanza kama ana sindano."

Mgambo akasita. Teja akajibu mwenyewe, macho chini: "Ninayo. Haina kifuniko."

Mama hakuipokea. Aliweka chini kopo tupu la maziwa ya unga, akarudi nyuma kidogo. "Itoe taratibu, ncha ielekee chini. Usihangaike kuifunika, hapo ndipo watu hujichoma."

Sindano ikalia ndani ya bati. Mama akabana mfuniko.

Mgambo aliugeuzageuza mkono wake akiutazama. "Nina watoto wadogo, sista," akasema kwa sauti ya chini, na shati la yule mtu akaliachia.

Kila wiki nalalamika katika safu hii kwamba mji umeharibika. Wiki hii sina neno. Nilirudi nyumbani kifua mbele, utadhani mama yule ni wa ukoo wetu.