Nukta Mbili Ubaoni

Harufu ya chaki ya fundi cherehani hunirudisha darasani Kerege. Mwalimu aliniita nichore mstari. Nikaweka nukta kwenye mbili, pale mstari unapokata mhimili wima. Mteremko ulikuwa tatu, basi nikaenda moja kulia, nikapanda tatu, nikaweka nukta nyingine. Ilibaki kuziunganisha tu.

Baba mdogo akatokea mlangoni. "Mwalimu, huyu keshavunja ungo. Anawekwa ndani leo."

"Mwache amalizie mstari, mzee wangu."

"Mstari utampikia mume?"

Walioniharibia ni wawili, nawataja: baba mdogo, na shangazi aliyempelekea habari. Nyumbani shangazi alinisugua chaki vidoleni, akanipaka liwa, unga wa kunukia wa mwali. Nilitolewa ndani siku ya kuozwa. Nukta zile sijui aliziunganisha nani.