Binti anayenawa maziwa kabla ya kugusa nyanya

Ni Jumamosi asubuhi. Umande bado umetanda kwenye nailoni ya kitalu nyumba cha chuo, na binti mwenye koti jeupe ameinama mlangoni juu ya beseni. Anakunja mikono ya koti hadi viwikoni. Anachovya viganja vyote viwili, anavisugua, anavitoa vikichuruzika weupe.

Ni maziwa.

Mwandishi wa habari hizi anadhani macho yamemdanganya. Anasogea, ananusa. Ni maziwa kweli, ya unga, yamekorogwa kwenye beseni la kufulia, na binti anayanawa kwa utulivu wa mtu anayejiandaa kula ukweni.

"Usishangae sasa hivi," anasema bila kuinua kichwa. "Subiri kwanza usikie sababu."

Wenzake wanamwita Mkasi. Yuko mwaka wa pili wa kilimo cha bustani, na kila mwisho wa juma ana zamu ndani ya banda hili refu, ambamo miche ya nyanya imefungwa kamba na kupandishwa hadi kwenye waya wa juu. Kazi yake kubwa ni kung'oa machipukizi, yale matawi madogo yanayoota kwenye makwapa ya mche na kuyanyonya matunda nguvu. Wengine hutumia mkasi. Yeye hutumia kucha, na kabla hujapepesa jicho amefika mche wa tatu. Jina likaja lenyewe.

"Tulikuwa tunamwonea wivu, nisikufiche," anasema mwenzake wa zamu, kijana mrefu ambaye kila akigeuka kichwa chake kinagonga kamba. "Mwalimu akipata wageni anawapeleka moja kwa moja kwenye uzi mwekundu. Sisi wengine tunaambiwa tusimame pembeni tusiharibu picha."

Kila mwanafunzi hapa ana rangi yake ya uzi; ya Mkasi ni nyekundu. Ukimaliza mstari unafunga uzi wako kwenye nguzo ya mwanzo, ili mwalimu akipita ajue nani wa kusifiwa na nani wa kufokewa. Na zamu hizi si hiari. Asiyezikamilisha hapati cheti, hata awe ameng'ara darasani namna gani.

Msimu uliopita, maua yalipoanza kufunguka, Mkasi aliingia Jumamosi akakuta majani yamebadilika. Yalikuwa na mabaka, kijani kilichokolea na kijani kilichofifia, kama shati lililorukiwa na dawa ya kung'arishia nguo. Mengine yalikuwa yamejisokota, membamba. Wakasema ni mbolea. Wakasema ni wadudu. Wiki iliyofuata mabaka yalikuwa yameongezeka.

Ndipo mwalimu wa kitalu, mwanamume mpole asiyejua kupaza sauti, aliposimama katikati ya banda na kuwaambia wanafunzi waache kutazama majani, watazame nguzo.

Kila mstari mgonjwa ulikuwa na uzi mwekundu. Mistari ya rangi nyingine ilikuwa mizima.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema Mkasi. "Kuna aliyenong'ona kwamba nina mkosi, na mimi mwenyewe nikaanza kuamini. Ushahidi si ule pale, umefungwa kwenye nguzo kwa mkono wangu?"

Mwalimu akamwuliza kama anavuta sigara. Wanafunzi wakaangua kicheko. Mkasi akaangua kilio.

"Mtoto wa kike, mbele za watu, naulizwa navuta sigara! Nikamwambia, mwalimu, hata moshi wa kuni unanikohoza."

"Basi kwenu nani anatumia tumbaku?"

Mkasi anasema hapo machozi yalimkauka ghafla. Bibi yake, mama mzaa mama, anauza ugoro. Ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na mama yake akiwa mchanga, na ugoro huohuo ndio uliomvisha sare za shule na ndio unaomlipia chuo. Bega la bibi lilipoanza kusumbua, mjukuu akaupokea mchi. Kila Jumamosi, kabla ya zamu, alitwanga majani makavu ya tumbaku, akayachekecha, akasuuza mikono haraka haraka na kukimbilia kitaluni.

"Tumbaku na nyanya ni ndugu wa ukoo mmoja," anaeleza mwalimu. "Kuna virusi vinavyokaa kwenye jani la tumbaku hata likauke, hata lisagwe. Mtu havimfanyi kitu. Lakini vikikuta mche una kidonda, basi tena, dawa hakuna. Na huyu kila aking'oa chipukizi alikuwa anafungua kidonda, anakipaka ugonjwa, anahamia mche unaofuata."

Anatikisa kichwa kama mtu ambaye hata yeye hajazoea. "Angekuwa mvivu tungepoteza mistari miwili. Kwa kuwa ni hodari, tulipoteza tisa."

Mwandishi amezoea kusikia uzembe ukiua mazao. Bidii kuua mazao hajawahi kusikia.

Mkasi aliing'oa miche hiyo mwenyewe, na matunda yake mabichi, ikajaa magunia na kuchomwa nyuma ya banda. Kisha akapewa sharti moja: msimu mpya, mistari ileile, na kabla ya mavuno ukionekana mche mmoja tu wenye mabaka chini ya uzi mwekundu, anatoka kitaluni. Akitoka, cheti ameagana nacho. Ndiyo maana ya sabuni hadi viwikoni, koti lisilotoka nje ya banda, na maziwa kila anapohama mche, kwa sababu maziwa huvipunguza nguvu virusi hivyo. Mchi wa bibi haugusi tena.

Leo mwalimu anakagua. Anapita polepole, mikono nyuma, Mkasi akimfuata kwa hatua mbili. Kwenye mstari wa sita anasimama. Anachuchumaa, anatazama jani la chini bila kuligusa. Lina umanjano.

Mkasi ameshika nguzo. Kijana mrefu ameacha bomba likimwaga maji viatuni mwake. Mwandishi naye ameacha kuandika, na nyanya si zake.

"Jani la uzee," mwalimu anasema hatimaye. "Muda wake umefika. Litoe."

Mkasi anarudi kwenye beseni. Ananawa upya, kisha analitoa jani.

Zimebaki wiki tatu nyanya zianze kuiva. Ukimwuliza anataka nini, hataji cheti.

"Nataka bibi aingie humu. Jumapili huniletea chakula, anaishia kule getini. Anasema yeye ndiye ugonjwa wenyewe, asije akaua tena. Mwalimu ameshakubali, mradi naye anawe kama mimi. Nyanya ya kwanza aichume yeye."

Mwandishi anajitolea kupeleka ujumbe.

Bibi anaishi nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma. Mwandishi anamkuta kwenye kigoda, anatwanga kwa mkono wa kushoto, maana bega la kulia limegoma. Zamani aliuza makopo sita ya ugoro kwa wiki. Siku hizi akifikisha matatu anashukuru.

"Miaka thelathini naunusa, haujaniua," anasema. "Unaua mche? Mche una pua?" Anacheka, lakini kicheko hakifiki mbali. "Mjukuu wangu kasema asiuguse tena, nami simgusishi. Akifika hapa hata kumkumbatia naogopa."

Anaposikia habari ya siku ya mavuno, uso unamchangamka. Anauliza atavaa nini. Mwandishi, akidhani bibi anajua yote, anamweleza: koti la chuo, sabuni, halafu maziwa.

Mchi unasimama.

"Ananawa nini?"

"Maziwa, bibi."

Kumbe hakuwahi kuambiwa. Mwandishi anatamani aumeze ulimi wake.

"Mama yake alimwacha hajaota hata jino," bibi anasema. "Nilizunguka na kikombe mlango kwa mlango. Wengine walinipa. Wengine waliniambia ng'ombe hajakamuliwa, na povu naliona kwenye ndoo. Leo maziwa yananawiwa mikono! Loo!"

Anavigeuza viganja vyake. Vina rangi ya kahawia ambayo haitoki tena kwa kuoga.

"Mwambie nitakuja. Nitavisugua kwa sabuni na jivu, ngozi ikitaka kutoka itoke." Anaushika tena mchi. "Ila beseni asiniwekee. Sehemu yangu ya maziwa, mwambie ainywe yeye."