Chanjo Isiyochanja

Mwaka jana mtafiti mmoja alikuja hapa Izigo kuuliza kama chanjo ya kuhara inarudisha gharama zake. Mwanangu alipohara, nilipoteza nini? Nikamtajia nauli ya bodaboda ya kwenda zahanati na gulio nililokosa. Akashukuru, akaondoka. Lile kubwa hakuuliza, nami sikuwa na hamu ya kumfundisha kazi yake.

Mume wangu anauza dukani Bukoba mjini, huku anakuja kwa nadra. Hapa kibanjani, kwenye shamba letu la migomba, mtu wangu wa kuongea naye alikuwa mama mkwe peke yake. Mtoto alipopelekwa kliniki, yeye ndiye aliyembeba. Sindano ilipomchoma akalia, bibi akaridhika. Kisha muuguzi akaleta chanjo ya kuhara, matone ya mdomoni, na mtoto akalamba midomo.

"Waitu! Chanjo gani haichanji?" mama mkwe akaja juu. "Hata kulia hajalia! Mnatunyweshea mtoto maji ya sukari."

Safari ya pili akasema sindano sawa, lakini maji yao wayanywe wenyewe. Mimi nikamchukua mwanangu, nikamfungua mdomo, matone yakaingia. Mama mkwe akatangulia njiani bila kuniangalia.

Tangu hapo hakukanyaga kwangu. Jamani, upweke mbaya! Nyumba yake iko nyuma ya migomba tu, namsikia akikohoa, lakini salamu hakuna. Nilifikia kumsimulia mbuzi habari zangu, na nilikuwa nimenuna, sikutaka kuanza mimi.

Kisha mtoto akahara. Nilimpeleka zahanati, nikarudi na dawa ya kuchanganya na maji, nikakaa mlangoni nikimnywesha kwa kijiko. Niliogopa sana. Kama angenifia, ningeambiwa ni ile chanjo ya uongo, na nani angekaa nami? Mtoto akasukuma kijiko, akapiga kelele.

Mama mkwe akatokea kwenye migomba, bila hodi. Hakunisalimia. Alimpitishia mtoto kidole shavuni, akakitazama.

"Machozi yapo," akasema, akaketi chini kwa kishindo. "Huyu atapona. Wangu wa kwanza alilia bila machozi, halafu akanyamaza."

Nilimpa mtoto ampakate. Miaka yote ya ndoa yangu nilijua kifungua mimba wake ni mume wangu.