Vinyonga wa Omari

Ganda la biksa likikauka vyema, mbegu zake huachana na ngozi ya ndani, na ukilitikisa karibu na sikio husikia mchakacho mdogo, kama mchanga ndani ya kiberiti. Juzi nilikuwa kibarazani napukuchua, upepo ukapita shambani na maganda yote yaliyoiva yakalia kwa pamoja. Nikaacha kazi. Sauti ile hunijia na mtu mmoja tu: mdogo wangu Omari akiwa na miaka tisa, shavu kalilaza kwenye tawi, macho kayafumba, anavuna.

Kwa msomaji asiyetoka Kwale, niseme kwamba biksa ni mti mfupi ambao mbegu zake hutoa rangi ya chakula. Ganda bichi huwa jekundu la kuwaka, lina miiba laini kama nywele. Likiiva hugeuka kahawia, likakauka na kuanza kupasuka. Unakata la kahawia, unaliacha jekundu. Hilo kwetu mtoto hulijua kabla hajajua kufunga viatu. Ukichanganya mabichi gunia zima huvunda, na mnunuzi hukurudishia mlangoni huku majirani wanatazama.

Omari alikuwa anakata yote.

Wakati huo tulikuwa watatu: mimi Mejumaa, niliyekuwa na miaka kumi na minne, Omari, na Saumu mdogo. Baba tulimzika kwanza, na mwaka haukuisha mama akamfuata. Kabla hajaondoka mama alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akasema, "Wasigawanywe." Hakusema walishe wala wasomeshe. Alijua mambo ya jamaa: mmoja huku, mwingine kule, mpaka mkikutana mnaulizana majina. Kwa hiyo nikaacha shule darasa la sita. Kitabu cha sayansi nilikirudisha tukiwa hatujafika sura ya jicho. Nalitaja hilo kwa sababu ningelifika, huenda nisingemchapa Omari.

Ndiyo, nilimchapa. Gunia liliporudishwa mara ya pili nilikata fimbo ya mkwakwa nikamchapa miguuni, naye akalia bila kukimbia. Nikampeleka kwa maalim wa chuo cha Kurani akasomewa dua. Dua ilinipa mimi usingizi mzuri, lakini kesho yake Omari alirudi na kikapu kimejaa mabichi, anatabasamu.

Nikamkalisha chini nikaweka maganda mawili mbele yake.

"Hili jekundu. Hili si jekundu. Huoni?"

"Naona maganda mawili, dada."

"Jekundu, Omari! Kama pilipili iliyoiva!"

"Pilipili iliyoiva iko kama majani yake." Akafikiri kidogo, kisha akaniuliza bila ujeuri wowote, "Wewe ukiona jekundu, unaona nini?"

Nikasema kama damu, nikasema kama kanga ya mama ile ya siku ya harusi. Kila nilichokitaja alikuwa anakijua, na hakikumsaidia. Nilikasirika sana siku ile, na hasira yenyewe haikuwa ya gunia. Nilikasirika kwa kuwa kitu nilichokiona maisha yangu yote sikuwa na neno hata moja la kumpa mwenzangu akione.

Kisha kulikuwa na vinyonga.

Kwenye ua wetu wa michongoma Omari alikuwa akipita asubuhi akinyoosha kidole: mmoja, wawili, watatu. Sisi hatukuona kitu. Watu wa kwetu humwogopa kinyonga kuliko nyoka, akionekana mama huvuta mtoto ndani. Saumu alikuwa akipiga kelele kabla hajaonyeshwa wapi. Majirani wakaanza kusema maneno yao. Mtoto huyu jekundu halioni, ila anaona visivyoonekana. Ana mtu ndani yake. Mwanamke mmoja tuliyechota naye maji akahamia kisima kingine cha mbali, ndoo kichwani, mwendo wote ule.

Maneno hayo yakapanda gari yakafika mji wa Mackinnon Road, kwa mjomba.

Kwetu Wadigo mjomba si jamaa wa kuja kula tu. Watoto wa dada yake ni wake kabla hawajawa wa mtu mwingine, na akisema, limesemwa. Mjomba wetu alikuwa na mbuzi wengi bara huko na watoto wachache wa kuwachunga. Alifika asubuhi ya Ijumaa amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi mpaka mistari inakata. Tukampa shikamoo, nikampa chai, akainywa yote kabla ya kusema.

"Mejumaa mwanangu, umefanya kazi ya mtu mzima. Lakini huyu mtoto hayuko peke yake, ana pepo. Kwanza apungwe, huyo pepo atajwe jina na aombwe atoke. Kisha nitakwenda naye kwangu. Kuchunga mbuzi hakutaki macho mengi."

Omari alikuwa kasimama nyuma ya mlango. Niliviona vidole vyake vya miguu chini ya pazia, vimejikunja.

Sikuwa na elimu ya kumjibu mjomba. Nilikuwa na neno moja tu la mama, na kitu kimoja nilichokuwa nakitafakari kwa siku kadhaa. Nikasema, "Mjomba, heshima yako iko pale pale. Twende kwanza uani, Omari akuonyeshe."

Tukatoka. Omari akanyoosha kidole. "Huyo hapo."

Mjomba akainama. "Hakuna kitu."

"Huyo hapo, mjomba. Anakutazama."

"Nasema hakuna kitu! Mnaona wenyewe? Mtoto anaongea na hewa."

Nikachukua panga nikakata lile tawi, nikalileta taratibu mpaka karibu na pua yake. Majani, majani, majani. Kisha jani moja likazungusha jicho.

Mjomba aliruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto. Nyuma yake nilikuwa nimeanika mbegu za biksa zilizoloana na umande, jamvi zima. Akakaa humo. Alipoinuka, kanzu yake kuanzia kiunoni kwenda chini ilikuwa na rangi ambayo sote tuliiona isipokuwa Omari.

"Mjomba kawa achari nyekundu!" akapiga kelele Saumu.

Ningependa kuwaambia kwamba mjomba alicheka, akakiri makosa. Hakufanya hivyo. Alinielekezea kidole. "Umeona? Umeona mwenyewe? Binadamu wa kawaida hawezi kumwona mdudu yule. Huo ndio ushahidi."

Nilishangaa. Tulisimama penye ua ule ule, tukatazama tawi lile lile. Mimi niliona kwamba mdogo wangu hakuwa akiona visivyokuwepo. Alikuwa akiona vilivyokuwepo, na vipofu tulikuwa sisi. Mjomba aliona pepo. Kinyonga alikuwa mmoja tu, angali anatembea polepole kwenye mkono wangu, na mimi sikuwa hata na muda wa kumwogopa.

"Mjomba," nikasema, "kama ana pepo, basi ni pepo wetu. Atakula hapa, atalala hapa. Omari hatoki."

"Unanipinga mimi?"

"Nakupinga."

Alirudi nyuma hatua moja. Pengine aliona panga, ingawa wallahi nilikuwa nimelisahau mkononi. Akasema, "Siku utakayoshindwa, usinitafute." Akaondoka vile vile na kanzu yake, barabara nzima ikimtazama. Mwaka ule mvua ilikosa, tukala mihogo mitupu, na sikumtafuta. Miaka baadaye alikuja kwenye harusi ya Saumu, akala pilau akiwa ameupa ua mgongo.

Njia ya kuvuna Omari aliipata mwenyewe. Siku moja aliniambia, "Dada, haya mengine yanaongea." Kumbe alikuwa ameanza kutikisa matawi na kusikiliza. La kuchakacha alilikata, la kimya aliliacha. Tangu hapo hakuna gunia lililorudi, na jioni giza lilipoanza kuingia, wenye macho mazima tulipokuwa tunaweka visu chini, yeye alikuwa bado anakata.

Jina la hali yake tulilijua alipokuwa mtu mzima. Alitaka leseni ya udereva, akaambiwa apimwe macho, nami nikamsindikiza hospitali. Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alitoa kitabu kilichojaa vidoadoa vya rangi. Ndani ya vidoa kuna namba. Ukurasa baada ya ukurasa mimi niliiona namba waziwazi, na Omari akasema, "Vidoa tu." Daktari alitueleza kwa utaratibu kwamba nyuma ya jicho kuna vipokezi vya rangi, na vya Omari vilizaliwa tofauti. Haikuwa pepo, haikuwa ukaidi. Nilikumbuka fimbo yangu ya mkwakwa, nikatazama sakafu.

Kisha daktari akafunua ukurasa mwingine. Mimi nikaona vidoa tu.

"Arubaini na tano," akasema Omari.

Nikasogea. Nikageuza kitabu. Vidoa tu.

"Na wewe daktari, unaiona?" nikauliza.

"Mimi pia siioni," akasema akitabasamu. "Ukurasa huu umetengenezwa makusudi. Mwenye macho kamili haoni kitu, mwenye kasoro huona namba."

"Sasa kamili ni nani?" nikamuuliza.

Akacheka kwa adabu, akainamia fomu. Niliusoma mwandiko wake kichwa chini: kasoro ya kuona rangi.

Nimeishi na swali la Omari zaidi ya miaka ishirini sasa, na bado siwezi kumwambia yeyote wekundu ni nini. Sidhani mjomba angeweza, wala daktari. Kila mmoja wetu amepewa dirisha lake, na anachokiita dunia ni kile kinachotokea dirishani. Aliyeyagawa madirisha ndiye anayeiona nyumba nzima. Mengine ni sisi kuelewana majina tu, na kumchapa asiyeelewa. Nikiwa na miaka kumi na minne sikuyajua hayo. Nilijua tu kwamba mtoto anasema kweli na watu wanataka kumchukua.

Nilimwomba daktari aandike na lile la pili, kwamba kuna ukurasa ambao Omari aliusoma na sisi wawili tukashindwa. Akanionyesha karatasi. Hapakuwa na nafasi ya jambo hilo.

Basi naliandika hapa, ambapo nafasi ninayo. Ilikuwa arubaini na tano. Omari aliiona.