Kalamu Ilikuwa Mkononi Mwangu

Mdogo wangu alinipa jina la utani tukiwa bado wakimbizi Kitale, Kenya: Mama Mimi Naona. Kila nilipotaka kuamua jambo nilianza hivyo. Mimi naona leo tupike maharage. Mimi naona tuhame nyumba hii. Mama yetu alifariki nikiwa na miaka kumi na tisa, yeye ana minane, na kama mimi nisingeona, nani angeona? Sijitetei, naeleza tu jinsi tabia hii ilivyoanza.

Tuliporudi nchini kwetu, Juba, alikuwa amemaliza kidato cha nne. Tukapanga vyumba viwili mtaa wa Hai Malakal, nami nikapata ukarani katika shirika moja la misaada. Siku hizo mji mzima uliugua ugonjwa mmoja, kazi ya shirika. Nje ya kila geti palikuwa na ubao wa matangazo, na asubuhi vijana waliuzunguka, kila mmoja na faili lake la plastiki kwapani limejaa vyeti. Ukihudhuria semina ya siku mbili ya kunawa mikono, unapewa cheti, nacho kinaingia kwenye faili. Mimi mwenyewe nilikuwa nacho cha namna hiyo, tena nilikuwa nimekitundika ukutani.

Basi nikampangia ndugu yangu maisha. Kwa majuma matatu, kila nilipotoka kazini nilisimama mbele ya zile mbao nikihesabu matangazo kwa vidole. Maafisa wa maendeleo ya jamii walitafutwa kuliko wote. Nikarudi nyumbani nikamwambia, "Mimi naona usomee maendeleo ya jamii." Hapo ndipo mpango wangu ulipoanzia na ndipo ulipoishia. Hata nyanya za sokoni huwa nazigeuza zaidi ya hapo kabla ya kuzinunua.

Yeye alikuwa ameshachagua, ila hakuna aliyekuwa amemuuliza. Siku moja nilimtuma Hai Mauna apeleke kitanda chetu kilichovunjika mguu kwa fundi seremala, mzee mmoja Mganda. Alitoka saa tatu asubuhi akarudi jioni, nywele zimejaa unga wa mbao. Kesho yake akaenda tena, bila kitanda. Baada ya miezi michache aliniletea kigoda cha jikoni alichounda kwa vipande vya mtiki vilivyobaki, vimeshikana bila msumari hata mmoja. Nilikikalia, nikakitikisa, hakikutikisika. Nikamwambia ni kizuri, lakini asipoteze wakati.

Jumapili moja baada ya kanisa yule mzee alikuja kwetu. Amevaa shati lililopigwa pasi na ameshika kilo ya sukari, utadhani amekuja kuposa. Nikamkaribisha, nikamimina chai. Ndugu yangu alikuwa amekaa mlangoni juu ya kigoda chake.

"Mama," mzee akasema, "mimi nimekuja juu ya huyu kijana. Mkono yake iko na akili. Mimi nimefundisha watu mingi, lakini huyu anajua mbao kabla ya kukata."

"Tunashukuru, fundi. Lakini mwaka huu anaingia chuo."

"Chuo ni nzuri. Lakini mimi sasa iko mzee. Siku moja nitarudi kwetu Arua. Ile meza ya kazi na vyuma yote, mimi nataka kuachia yeye."

Jibu langu nalikumbuka neno kwa neno, na natamani ningelisahau. Nilisema, "Fundi, mimi naona hatukurudi nchi yetu kuja kuchana mbao. Hizo kazi mnaziweza nyinyi."

Ndivyo tulivyokuwa tukifikiri, sisi tuliorudi kutoka Kenya. Kuchoma matofali, kukarabati magari, kushona na kuranda tuliwaachia wageni. Nchi kuwa yetu kulimaanisha kiti kinachozunguka na kitambulisho shingoni. Mzee alimaliza chai yake, akashukuru, akaondoka. Sukari yake tuliinywa wiki mbili. Katika wiki hizo zote sikumgeukia ndugu yangu kumuuliza anataka nini, naye hakusema, maana nilimlea asinibishie.

Fomu ya chuo ilipofika niliijaza mimi, kwa kisingizio kwamba mwandiko wangu ni mzuri. Palikuwa na mahali pa kueleza kwa nini mwanafunzi amechagua kozi hiyo. Nikaandika kwamba naipenda jamii yangu na nataka kuitumikia. Yeye akasoma, akatia sahihi. Nikamkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Alilisikia la mkuu, na guu likavunjika vilevile.

Alipomaliza chuo mashirika yalikuwa yakipungua. Ofisi zilifungwa moja baada ya nyingine, na kwenye ubao yakabaki matangazo ya zamani yaliyopaushwa na jua. Mkataba wangu nao haukuongezwa. Leo nauza chai na chapati Hai Cinema, na mikono niliyoidharau ndiyo inayonilisha. Ndugu yangu alizunguka na faili lake geti hadi geti kwa zaidi ya miaka miwili. Mwishowe geti moja likampokea, lakini hakupita. Aliajiriwa kulilinda. Anakaa kwenye kibanda, anaandika majina ya wageni kwenye daftari. "Si ulitaka kazi ya shirika, dada?" aliniambia siku ya kwanza, akionyesha sare yake. Tulicheka wote, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikalia.

Mwaka huu nilihitaji kabati la vyombo kwa ajili ya kibanda changu cha chai. Tulikwenda pamoja Hai Mauna siku yake ya mapumziko. Mzee alikuwa amesharudi kwao, na meza yake alimwachia kijana mwingine, mzaliwa wa hapa hapa Juba, ambaye alianza kujifunza baada ya ndugu yangu kuondoka. Kijana alimsalimu kwa heshima. "Mzee alikuwa anakutaja kila siku," alimwambia. "Nikikosea, ananiambia wewe usingekosea."

Ndugu yangu alipapasa ubao uliokuwa mezani na kusema bado ni mbichi, ukipigiliwa hivyo utapinda. Kijana akakubali. Kisha ndugu yangu akachukua randa akajaribu. Ikaruka, ikachimba, ikakwama. Akajaribu tena, ikakwama pale pale. Akairudisha mezani taratibu, akajifuta mikono. "Kalas," akasema, yaani basi, kama mtu aliyemaliza kazi. Mimi nilitazama chini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani.

Njiani sikuweza kunyamaza. "Mimi naona uache ulinzi," nikamwambia. "Uanze upya pale, hata kama ni msaidizi. Nitazungumza na yule kijana."

Alinijibu bila hasira. "Dada, kwanza ulinikataza. Sasa unaniruhusu. Kuniuliza ni lini?"

Vijana wengi hunywa chai kwangu wakielekea chuoni au kutafuta kazi, na wakijua nilifanya kazi ofisini huniomba ushauri wasomee nini. Siwaambii cha kusomea. Nawauliza siku ambayo hakuna aliyewatuma popote huwa wanakwenda wapi, na ni kazi gani huwafanya wasahau chakula. Wengine hulipa chai wakaenda zao, wengine macho yao hung'aa wakaanza kueleza mpaka chai inapoa. Watoto wa watu nawauliza bila shida yoyote.

Asubuhi ya juzi ndugu yangu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake akifunga kamba za buti. Usiku mzima nilikuwa nimejifunza swali lenyewe, ni fupi tu, wewe unataka nini. Nikavuta pumzi, nikafungua mdomo.

"Mimi naona," nikasema.

Nikanyamaza hapo hapo. Alisubiri kidogo akinitazama, halafu akacheka, akachukua kofia yake ya ulinzi, akaenda getini.