Nyundo Niliyorudisha Mara Mbili

Miye masomo yangu yaliishia darasa la tatu, kwa hiyo mukiona nazungukazunguka, munivumilie. Nataka kusema juu ya nyundo. Lakini nyundo yenyewe inaanzia kwenye telefoni ya binti yangu.

Alikuwa amelala hospitali hapa Likasi, vidole vimevimba, hawezi tena kugusa kioo. Akanipa telefoni. "Papa, unichezee. Wenzangu watanipita."

"Miye? Na macho haya?"

"Weye si ulipasua mawe machimboni Kakontwe? Humu kazi ni ile ile. Hata kofia iko."

Na kweli. Ndani ya mchezo kuna muntu mudogo mwenye kofia kubwa, mbuzi anamufuata kila mahali, na kijiji ambacho kila muntu anakusalimia. Mwalimu wangu hakuwahi kunisalimia hivyo, lakini hayo tuyaache. Mchezo ulikuwa muzuri, sitadanganya. Ila kuvuka mulima lazima ufike nivo, ni kusema ngazi, ya makumi tatu, na nguvu ya kupanda nivo inatoka kwenye kupasua mawe. Unapasua jiwe kwa nyundo, lingine linaota palepale. Kakontwe jiwe likipasuka limepasuka. Unaliona linapanda lori, unajua leo ulifanya kitu. Humu nilichoka mpaka nikakasirika.

"Papa, unatukana jiwe?" Binti akacheka mpaka akakohoa.

Siku yangu ya mwisho kazini nilirudi nyumbani mikono mitupu. Kwetu hupewi nyundo mupya bila kurudisha ile ya zamani magazini, kwenye stoo ya vyombo, na siku ya mwisho unarudisha tu, hupewi kitu. Binti yangu alikuwa mutoto wakati ule. Alilia sana: "Hata nyundo yako wamekamata?" Miye nilisahau. Yeye hakusahau.

Alikufa palepale hospitali. Kilio kikaisha, watu wakarudi kwao. Muke wangu, muntu wa maombi, akanikuta nimeshika telefoni.

"Baba, zima ile. Ni mapepo yanakula kichwa."

"Aliniomba."

"Aliyeomba hayuko tena."

Nikaendelea. Nilitaka afike ngʼambo ya mulima.

Kwenye nivo ya makumi mbili, fundi wa vyuma wa kile kijiji alinionyesha nyundo mupya. Mikono yangu ikafanya ilichozoea: nikamupa kwanza ile ya zamani. Hakuwa ameiomba. Ilipokuwa inaondoka, ikajaa kioo kizima, ndipo nikasoma, polepole kama kawaida yangu, maneno madogo ambayo binti yangu aliandika kwenye mupini: Nyundo ya Papa. Hii hawatakamata.

Nilibonyeza kila mahali ili irudi. Fundi ana neno moja tu: "Karibu, musafiri."

Sasa niko nivo ya makumi tatu. Njia ya mulima iko wazi, mbuzi amesimama pale ananingoja. Sivuki. Kila siku, chakula cha mchana kikiisha, narudi kwa fundi, natazama vitu alivyotundika ukutani, kimoja kimoja.

Jana muke wangu alikuwa anapika bukari, mugongo kwangu.

"Baba. Nyundo iko pale leo?"

"Hapana."

Akakoroga kwanza.

"Angalia na nyuma ya mulango wa fundi," akasema.