Sakafu Niliyoisiliba Kuanzia Mlangoni

Ndugu zangu, aibu hii nimeibeba tangu miaka ya tisini, na naisimulia leo kwa sababu Mungu aliigeuza kuwa neema.

Nilikuwa mwalimu wa Kiingereza hapa Vwawa, tena mzee wa kanisa. Darasani niliwaimbisha watoto "kupaka" kwa Kiingereza: siagi kwenye mkate "spread", grisi kwenye nguo "smear", udongo ukutani "plaster" (wakiitikia mpaka mabati yanalia), lakini tope lenyewe sikuwahi kulishika.

Siku wakwe walipokuwa wanakuja kutoka kijiji cha Ruanda kumposa binti yetu Neema, mama yake aliamka na homa, akajilaza jikoni huko nje, Neema anapika, na sakafu ya sebuleni haijasilibwa.

"Baba Neema, mwite jirani."

"Kupaka tope tu?" nikamjibu, nikavua koti la suti (tai nikaiacha), nikachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, nikapiga magoti mlangoni nikaanza, nikisonga ndani huku naimba pambio, na kazi ilikuwa nzuri jamani, inang'aa, mpaka kichwa kikagonga ukuta wa mwisho, nikageuka: mlango ule kule, tope bichi katikati, dirisha lina nondo.

"Hodi!"

Wakwe! Wamewahi! Na mimi kwa mazoea (ulimi huu!) nikaitikia, "Karibuni, piteni ndani!"

Baba wa kijana akapita kweli. Hatua mbili, akateleza; nikakimbia kumdaka, nikateleza nami, tukakutana chini, suti yake na tai yangu vyote tope. Nikamsikia Neema nje anaanza kulia, nikajua posa imekwisha.

Mkewe akachungulia. "Mwalimu, umeanzia mlangoni? Nani kakufundisha?"

"Hakuna, mama."

"Inaonekana."

Mzee ndiye aliyeanza kucheka, palepale chini. Mama yule akavua viatu, akajifunga kanga, akaanzia ukuta wa ndani akirudi kinyumenyume kuelekea mlangoni, sisi wanaume wawili tukimshikia ndoo. Posa ikafanyika uani, yule mzee kavaa suruali yangu iliyomwishia juu ya vifundo.

Leo nina wajukuu wanne na sakafu ni ya saruji. Namshukuru Mungu. Ila kazi ya mikono ya mke wangu, tangu siku ile, sijaiita tena "tu".